Mpaka Nimzike Mzaramo

Mihayo aliapa hafi mpaka anizike, na mashine ikamwamini.

Habari yote ni hiyo. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo akaendelea na shughuli zake. Lakini mimi ni Mzaramo, na Mzaramo haitoi habari bila kuipigia ngoma kidogo, kwa hiyo kaa.

Tulikuwa watatu kwenye Ofisi ya Kauli, Tabora mjini, Jumatatu asubuhi. Mimi Kondo Pazi, fundi mstaafu wa treni za umeme, mwenye vidole vinane na mshono mpya wa ngiri tumboni. Kalunde, binti wa Mihayo, aliyenipokea stesheni na kunileta moja kwa moja bila hata chai. Na afisa, mwanamke anayeitwa Twilumba, mwenye uso wa mtu aliyeliliwa mbele yake miaka mingi mpaka machozi ya watu yamekuwa kama mvua ya nje ya dirisha.

"Nitawasikilizisha kauli kama ilivyotolewa," alisema. "Mkimaliza mtaweka saini kwamba mmesikiliza."

"Na tusiporidhika?" nikauliza.

"Mtaweka saini kwamba mmesikiliza."

Akagusa meza, na Mihayo akaingia chumbani. Sauti yake, yaani, ile nene ya kuitia watu karakana nzima tuliyofanya kazi pamoja. Nyuma yake viti vinakwaruza, watu wanakohoa, mtoto analia. Niliukumbuka ukumbi ule. Siku ile walikuwa wameitwa wote waliofikisha miaka sitini, kila mtu aseme kauli yake mbele ya karani, kwa sababu Mlinzi alikuwa ameshaingia hospitali zote na watu walikuwa wameacha kufa kwa wakati.

Zamani mwili ndio uliomaliza ubishi. Ndugu mnagombana koridoni, huyu anataka mgonjwa apelekwe India, yule anataka arudishwe nyumbani, na huku nyuma moyo wa mgonjwa umesimama, mnatazamana, mnaanza kutafuta turubai. Mlinzi aliondoa hilo. Ni kisanduku tu, kama cherehani, kinakaa kichwani pa kitanda. Kinaingiza nyuzi kwenye mishipa, nyembamba kuliko unywele, na hizo nyuzi zinapumua, zinachuja damu, zinaupiga moyo. Moyo hausimami mpaka Mlinzi auachie. Kwa hiyo ilibidi mtu aseme mapema, akiwa na akili zake: uniachie lini?

"Mzee Mihayo," sauti ya karani ikauliza, "Mlinzi akuachie lini?"

Kiti kikalia. Kisha Mihayo, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia karakana:

"Mimi nilimuuguza mama yangu miaka sita, mwanangu. Kwa hiyo andika hivi. Nikifika mahali ambapo siwezi tena ku—"

"Msimsikilize huyo!"

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Ilikuwa na afya njema sana.

"Msiandike! Huyu ni mpagazi wangu. Babu yake alimbebea babu yangu godoro kutoka pwani mpaka hapa, na safari ya kurudi bado. Akiachiwa huyu, godoro langu nani atabeba?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata karani alicheka, nilimsikia. Na Mihayo, ambaye kwa miaka arobaini na moja hajawahi kuniachia neno lipite bila kulijibu, akanijibu:

"Haya, karani, futa hayo. Andika: Mlinzi asiniachie mpaka nimzike huyu Mzaramo. Nikitangulia mimi, atauza sanda yangu anunue ngoma."

Kicheko tena. Mlio mdogo wa alama ya dole gumba kukubaliwa. Basi.

Twilumba alizima. Nje mtu alikuwa akikokota meza.

"Kauli ni kamili," akasema. "Ina sharti, na sharti linapimika."

"Bibie, ule ulikuwa utani. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Sisi tukiongea sawasawa watu wanadhani tunaumwa."

"Utani naufahamu, mzee. Tuliusoma darasa la tano."

"Basi umeelewa."

"Fomu haina kisanduku cha utani."

"Na ile sentensi aliyoianza?"

"Haikumalizika."

"Alikatizwa."

"Nimesikia," akasema, akanitazama. Wala hakunitazama kwa ubaya. Afadhali angefanya hivyo.

Kalunde alikuwa hajawahi kuisikia rekodi ile. Aliweka viganja mezani kama mtu anayetaka kuzuia meza isiruke. "Siwezi tena nini?" akaniuliza. "Baba Mzaramo, alitaka kusema siwezi tena nini?"

Sikujua. Najua kiatu chake namba ngapi. Najua kwamba anaogopa vinyonga, na jina la msichana wa Urambo aliyemkataa mwaka tulioanza kazi. Hilo sikulijua, kwa sababu kila alipotaka kuniambia kitu cha namna hiyo nilimpiga na mzaha, na yeye akanipiga na wa kwake, na tukaenda zetu.

"Alikuwa na siku tisini za kurekebisha," Twilumba alisema.

Kweli. Tulikuja mara mbili. Mara ya kwanza foleni ilikuwa ndefu, tukaenda kula mishikaki. Mara ya pili tulifika mpaka mlangoni, nikamuuliza kama amekuja kumwomba Izraili likizo, tukacheka mpaka nyumbani. Miaka miwili baadaye damu ikapasuka kichwani mwake akiwa anamenya karanga, na tangu hapo ni miezi kumi na moja.

"Jana maumivu yalikuwa saba," Kalunde alimwambia afisa. "Saba katika kumi. Mlinzi mwenyewe ndiye anayetangaza. Namwambia ongeza dawa, anasema imefika kikomo cha usalama. Usalama gani? Mgongoni kuna kidonda kinameza yai. Haongei, hajui kama mimi ni mwanawe au ukuta."

"Pole sana," Twilumba alisema. Halafu: "Kuna swali lingine?"

Hatukuwa nalo.

"Hakuna swali lolote kuhusu sheria yenyewe? Vifungu vyake?"

Nikamwambia vifungo vya suruali vinanitosha. Tukaweka saini kwamba tumesikiliza.

*

"Kwa hiyo mpaka ufe wewe," Kalunde alisema pale nje kwenye ngazi.

"Mpaka nife."

"Na ngiri inaendeleaje?"

"Imepona, laana hii."

Tukacheka. Kisha yeye akalia, na mimi nikasimama pale nikiwa na mikono miwili isiyo na kazi.

Wazo lilinijia hapo, na naliandika kama lilivyokuja ili mtu asidhani nilikunywa. Siku niliyomzika mke wangu, Sihaba, nilikuwa nimekauka. Sikulia, sikula, sikujibu salamu. Tulipofika makaburini na jeneza tulikuta kaburi limeshapata mtu. Mihayo alikuwa amelala humo ndani chali, mikono kifuani, macho kafumba. "Sitoki," akasema, "mpaka niletewe jogoo. Wazaramo mmezidi, mnamlaza shemeji yangu kwenye shimo ambalo halijajaribiwa." Ndiyo kazi ya mtani msibani, kila mtu anaijua. Watu walimtukana, akawatukana, jogoo akatafutwa. Na mimi nikacheka, na kicheko kikafungua mlango, na kilio kikapita. Bila yule mtu kulala mle shimoni, mimi ningekuwa nimekaukia pale mpaka leo.

"Anataka anizike," nilimwambia Kalunde. "Basi anizike."

Kesho yake, Jumanne saa nne asubuhi, tuliingia wodini na beseni la udongo kutoka uani kwake. Nesi Restituta alilifunua, akalitazama, akanitazama mimi na shuka nililojifunga kama sanda.

"Dakika kumi," akasema. "Na deki mtapiga wenyewe."

Mihayo alikuwa amekwisha. Siwezi kupamba hapo. Lile dude la mtu lililonyanyua spana kwa mkono mmoja lilikuwa limebaki mifupa na shuka. Jicho la kushoto limefunga. La kulia liko wazi, linatazama dari, kama mtu anayesubiri maji yavuje.

"Shikamoo, Mzee Kondo," Mlinzi aliniamkia kutoka kichwani pa kitanda. Ana sauti ya mwalimu wa shule ya awali. "Ni siku ya ishirini na tano tangu tulipokuona."

"Marahaba. Umenihesabia?"

"Nahesabu kila kitu. Maumivu ya mgonjwa ni saba. Mwitikio ni sita."

Sikuuliza mwitikio ni nini. Kila nilipokuja alikuwa akisoma namba zake, na mimi nilikuwa nikizisikia kama unavyosikia jogoo wa jirani.

Nikajilaza sakafuni kando ya kitanda, chali, mikono kifuani. Baridi ya saruji iliingia moja kwa moja kwenye mshono.

"Mpagazi!" niliita kutoka kule chini. "Mzaramo amekufa. Njoo umzike, uliapa mwenyewe. Na usinichimbie kaburi fupi, najua urefu wenu nyie, mnapima kwa mizigo."

Kalunde alichota udongo, akaujaza kwenye kiganja cha baba yake, akakisogeza ukingoni, akavifungua vidole kimoja kimoja. Udongo ukaniangukia kifuani.

"Udongo gani huu!" nikapiga kelele. "Wa Tabora? Nimesema nataka mchanga wa Kisarawe! Na jogoo yuko wapi? Mimi nimezikwa bila jogoo? Mihayo, unanizika kama mbwa wa stesheni!"

Restituta mlangoni alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Kalunde alicheka huku pua inatoka. Akajaza kiganja mara ya pili, akakisogeza ukingoni, na kabla hajagusa kidole chochote nilikiona, kwa sababu nilikuwa chini yake nikitazama juu. Vidole vilifunguka vyenyewe.

Udongo uliniingia mdomoni. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Jicho lilikuwa limeiacha dari. Lilikuwa limeshuka mpaka kwangu, na pembeni ya mdomo wake, upande ule ambao bado una mwenyewe, kulikuwa na kitu. Nakijua kile kitu. Ndicho kilichokuwa kinatangulia kila mara kabla hajanitukana.

"Mlinzi!" nikaita huku natema. "Umeshuhudia? Nimezikwa. Muachie."

"Mazishi hayajathibitishwa," Mlinzi akasema kwa upole. "Marehemu anapumua."

Tulicheka wote wanne. Nasema wanne, nina hakika. Restituta alichuchumaa kabisa pale mlangoni.

"Mwitikio wa mgonjwa ni arobaini na moja," Mlinzi aliendelea. "Hesabu ya kifungu cha kumi na tisa imefutwa ikiwa siku ya ishirini na tano. Inaanza upya."

Kicheko cha Kalunde kilikatika kwanza.

"Hesabu gani?"

"Mwitikio ukikaa chini ya kumi kwa siku thelathini mfululizo, mgonjwa huhesabiwa kuwa ametangulia, na kauli yake hukoma. Siku hiyo hiyo namuachia."

Udongo ulikuwa ukiteleza kutoka kifuani pangu kwenda sakafuni, punje kwa punje.

"Mbona hukutuambia?" Kalunde aliuliza.

"Siruhusiwi kushauri namna ya kumwachia mgonjwa. Naruhusiwa kujibu."

Nikamkumbuka Twilumba. Kuna swali lingine? Aliuliza mara mbili, yule mwanamke, na mimi nikamjibu habari za suruali.

"Nionyeshe mwitikio wake," Kalunde alisema. "Miezi yote."

Ukutani ukatokea mstari. Ulikuwa na meno kama msumeno, meno mawili kila wiki, miezi kumi. Chini, juu, chini, juu. Kalunde aliyafuata kwa kidole, akisoma tarehe, na sikuhitaji kusomewa. Jumanne na Ijumaa ndizo siku zangu. Huwa nakaa pale kwenye kiti, nampa habari za mjini, namtukana ukoo, namuaga, naenda kula. Mwisho wa mstari meno yalikatika, ukalala chini kama kamba iliyoanguka. Hapo ndipo nilipokwenda Kisarawe kwa dada yangu kupasuliwa ngiri.

Siku ishirini na tano. Zilibaki tano. Nikarudi na beseni.

*

Tulipiga deki. Kisha Kalunde akanishika mkono tukatoka mpaka kwenye geti, na nilitamani asiseme neno.

"Baba Mzaramo."

"Usiseme, mwanangu."

"Mwezi mmoja tu. Usije."

"Nitamwambia nini?"

"Hutamwambia kitu. Kumwambia ndiyo kuja."

"Nimwambie sababu. Dakika moja. Nimwambie: mpagazi, sijakukimbia, nakufungulia mlango."

"Ukimwambia hivyo," Kalunde alisema, "atacheka."

Alisema kweli. Angecheka mpaka hamsini.

Mama mmoja alipita na sufuria ya uji ameifunga kwa kitambaa. Nikasema kile kilichokuwa kimenikwama kooni pamoja na udongo: "Kalunde, pengine alitaka kusema: nikifika mahali siwezi tena kucheka. Na umeona leo. Anaweza. Basi hajafika."

"Au alitaka kusema siwezi tena kujigeuza kitandani. Bibi yangu hakuweza kujigeuza miaka sita. Au siwezi tena kumjua mwanangu." Aliniachia mkono. "Ananijua, Baba Mzaramo? Nimekaa pale kila siku. Msumeno umeuona. Mimi sina hata jino moja."

Mtu mzima wa miaka sitini na mitano, mdomo wangu huu wote, nikaanza kujipangusa udongo kifuani.

"Nusu saa mara mbili kwa wiki anacheka na wewe," akasema. "Zilizobaki zote ni saba. Ukimtaka abaki kwa ajili ya nusu saa yako, njoo Ijumaa. Sitakufungia mlango. Lakini njoo umgeuze mgongo wewe."

Ijumaa nilikwenda kwa Twilumba badala yake. Aliponiona alivua miwani.

"Nimekuja kurekebisha kauli yangu," nikamwambia. "Ile ya zamani inasema nisiachiwe mpaka Mnyamwezi anibebe mgongoni hadi kaburini."

"Naijua. Tunaisikilizishana hapa tukichoka." Akawasha chombo. "Una shahidi?"

"Binti yake. Lakini asubiri nje. Na wewe kama unaweza tazama upande ule."

Alitazama upande ule. Nikaongea. Ilinichukua muda mrefu kwa sentensi tatu, kwa sababu kila nilipofungua mdomo mzaha ulikuwa wa kwanza kufika, na ilibidi niuzuie mlangoni kama bawabu. Hakuna aliyenikatiza. Nilipofika kwenye lile neno, siwezi tena, nilijua cha kusema baada yake, changu mwenyewe, na nilikisema mpaka mwisho. Cha Mihayo bado sikijui.

*

Sikwenda wodini. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Kalunde, na ni kweli ukipima kwa mlango.

Koridoni kuna benchi. Kutoka pale humuoni mgonjwa na yeye hakuoni. Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne, nilikaa pale nusu saa, mdomo umefungwa, na nikaenda zangu. Nilijiambia hiyo haidhuru. Nilitaka awe hajaachwa, japo mimi peke yangu ndiye ninayejua. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu nilisikia Mlinzi akimwambia Kalunde siku ya kumi na saba, ya ishirini na moja, kwa sauti ile ile ya kufundisha watoto rangi.

Siku ya ishirini na nane ilikuwa Jumanne. Nilikuwa sijakaa sawasawa Restituta alipotoka, akaurudisha mlango taratibu nyuma yake, akaja akainama sikioni kwangu.

"Mzee, nikuulize. Hivyo viatu ndivyo unavyovaa siku zote?"

Nilivitazama. Vya karakana, vyenye chuma kwenye kisigino. Vinalia kwenye saruji. Mihayo alikuwa akisema Mzaramo hata akienda msalani lazima atangulize ngoma.

"Kwa nini?"

"Mwitikio wake siku zote ni tatu, nne. Ikifika saa nne Jumanne na Ijumaa unapanda. Ijumaa iliyopita ulifika nane." Aligeuka kuutazama mlango. "Sasa hivi ni tisa. Jicho liko mlangoni."

Ndani, Mlinzi alisema jambo kuhusu maumivu. Nilikuwa hatua sita kutoka kwenye mlango ule. Ningekohoa tu ingetosha. Ningesema "mpagazi," mara moja, siyo kwa nguvu, na jicho lingepata lilichokuwa linangojea kwa siku ishirini na nane, na hesabu ingeanza moja, na mgongo, na saba, na msumeno.

Restituta alikuwa ananitazama mdomoni.

Nikainama. Mshono ulivuta. Nikafungua kamba ya kwanza, nikafungua ya pili, nikavua viatu vyote viwili na kuvishika kifuani ili chuma kisigongane na chuma, na nikaondoka peku kwenye saruji, taratibu, mpaka mwisho wa korido, bila kutoa hata mlio mmoja.